Namba iliyokataa: Christian de Duve na vifuko vya ndani ya seli

Hii ndo hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa wanafunzi wa baiolojia, walimu wao na watu wa maabara, nimeiweka yote kwa sababu wengi mmeniandikia kwamba hamkuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.

Wakubwa mliopo, shikamooni. Walimu wenzangu, poleni na kazi. Mafundi wa maabara, nyie ndo nimewafuata hasa leo na mtaona kwa nini. Vijana wangu karibuni, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nianze na swali. Upo maabara, umepima kitu, ulitegemea upate mia ukapata kumi, unafanya nini? Msinijibu kwa sauti, kila mtu ajijibu moyoni. Wengi tunasema mashine imekorofisha, au maji hayakua safi, au chupa zimechanganyika, tunamwaga tunaanza upya, ikija mia tunaandika mia na ile kumi inakua haijawahi kutokea. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo mtihani unavyotaka. Sasa leo nawasimulia habari za mtu aliyetegemea mia akapata kumi, akakataa kuimwaga, na kwenye hiyo kumi ikatoka sehemu ya seli ambayo hakuna aliyekua anaijua, na hiyo sehemu iko ndani ya mwili wako hapo ulipokaa, inapiga kazi sasa hivi tunavyoongea. Anaitwa Christian de Duve.

Alikua Mbelgiji ila alizaliwa Uingereza, Thames Ditton, Oktoba 1917, maana wazazi wake walikua wamekimbilia huko vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1920 familia ikarudi Antwerp, na mtoto akakulia kwenye lugha nyingi, Kifaransa, Kiflemi, Kijerumani, Kiingereza. Hizo lugha zishikeni kidogo, zilikuja kumwokoa. Mwaka 1934 akaingia chuo kikuu cha Louvain kusoma udaktari, wala hakwenda na mipango ya utafiti, alitaka kutibu watu. Lakini pale kulikua na desturi kwamba mwanafunzi anayefanya vizuri anaruhusiwa kushinda maabara muda wake wa ziada, yeye akaangukia kwa profesa wa fiziolojia aitwae Bouckaert ambaye alikua anahangaika na insulini, na hapo ndo ikawa basi tena, hakutoka.

Vita ya pili ikamkuta. Mwaka 1940 yuko jeshini, Wajerumani wakamteka huko Ufaransa, akatoroka, Kijerumani na Kiflemi chake kikimsaidia kuwazunguka walinzi, akarudi Louvain akamaliza udaktari 1941. Nchi imekaliwa na jeshi la adui, maabara haina vifaa, dawa hakuna, utafanya utafiti gani? Akasoma. Alisoma kila alichoweza kukipata kilichoandikwa juu ya insulini toka ilipogunduliwa. Kisha akafanya jambo ambalo naomba mlitazame vizuri, huyu ni daktari kamili, ameshaoa, akarudi darasani kukaa na vijana wa kemia kwa sababu aliona swali lake la insulini halijibiki kwa udaktari peke yake. Wangapi kati yetu tukishapata cheti kimoja tunakubali kurudi kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kitu kingine? Wangapi? Mwaka 1945 akatoa kitabu cha kurasa kama mia nne juu ya glukosi, insulini na kisukari, na digrii ya kemia akaimaliza mwaka uliofuata.

Sasa twende kwenye jambo la kwanza ninalotaka mlibebe leo, yaani namba iliyokataa.

Kila mmoja hapa anajua insulini inashusha sukari ya damu. Lakini watafiti wa zamani walikua wameandika kitu cha ajabu kidogo, kwamba ukimdunga mnyama baadhi ya insulini za wakati ule, sukari inapanda kwanza kwa muda mfupi halafu ndo inashuka. Inapanda! Dawa ya kushusha inapandisha! Tayari mwaka 1923 kuna watu waliosema ndani ya hizo dawa zilizokamuliwa kwenye kongosho kuna kitu kingine kinachopandisha sukari wakakiita glukagoni, ila habari ile ikalala, karibu hakuna aliyeifuatilia, ikachukuliwa kama uchafu tu wa dawa. De Duve aliikuta kwenye yale masomo yake ya wakati wa vita, na vita ilipoisha akaenda Stockholm kwa Hugo Theorell kujifunza kazi ya protini na vimeng'enya, yaani zile protini zinazoharakisha kemia ya mwili, kisha Marekani, St. Louis, kwa Carl na Gerty Cori, mume na mke, ambao walipewa Nobeli mwaka 1947. Humo kwa akina Cori akafanya kazi na kijana mwenzake Earl Sutherland, wakakifuatilia kile kinachopandisha, na wakaonyesha kwamba sio uchafu, ni homoni inayotoka kongosho lenyewe. Leo hii mgonjwa wa kisukari akishukiwa na sukari mpaka kupoteza fahamu kuna sindano ya glukagoni ya kumrudisha. Kitu kilichoitwa uchafu!

Basi akarudi Louvain akaanza kufundisha na kujenga kikundi chake kidogo, na kila mtu alijua kazi yake ni insulini. Yeye mwenyewe alijua kazi yake ni insulini. Alitaka kujua insulini inafanya nini kwenye ini, na ili ajue hilo ikabidi amfuatilie kimeng'enya mmoja anayeachia sukari kutoka kwenye ini kwenda kwenye damu, glukosi-6-fosfatase. Ndo hapo tunapofika mwishoni mwa mwaka 1949, na hapa naomba mnivumilie tuende pole pole, maana hapa ndo penyewe.

Ini la panya. Zamani ukitaka kupima vimeng'enya vya ini unalitia kwenye blenda, linasagika likawa rojo, unapima. Lakini kulikua na Mbelgiji mwingine, Albert Claude, huyu alikua New York kwenye taasisi ya Rockefeller, ameonyesha njia nyingine, kwamba unaweza kuisaga tishu kwa upole kiasi kwamba unapasua utando wa nje wa seli lakini vya ndani vinabaki vizima, halafu unaitia kwenye mashine ya kuzungusha, sentrifuji, vitu vizito vinakaa chini kwanza, vyepesi vinafuata, ukiongeza kasi vinashuka vingine, na mwisho unabaki na maji tu juu. Ni kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo, kila kitu kinaenda mahali pake kwa uzito wake. De Duve na wenzake wakaamua kuifuata hiyo njia. Wakachukua maji ya sukari, ini likasagwa ndani ya bomba la kioo lenye mchi unaozunguka taratibu, kila kitu kinakaa kwenye baridi, hakuna haraka.

Na kama mtu wa maabara yeyote makini anavyofanya, hawakupima kimeng'enya wao peke yake, walipima na kingine cha kulinganishia, asidi fosfatase. Huyu wa pili hakuna aliyekua na habari naye, alikua amewekwa pale kama kontroli tu. Mnaelewa kontroli? Ni kile unachokipima ukiwa huna shida nacho, unataka tu ujue kwamba kipimo chako kiko sawa.

Kontroli ikakataa. Rojo la blenda lilikua linatoa namba fulani wanayoijua vizuri, rojo hili la upole likatoa kama sehemu moja ya kumi ya namba ile. Ini ni lile lile la panya, kimeng'enya ni kile kile, kipimo ni kile kile, sasa hizo sehemu tisa zimekwenda wapi? Na kuna kingine, walipojumlisha kazi ya kimeng'enya kwenye yale mafungu yaliyotenganishwa na sentrifuji, jumla ikazidi ile ya rojo zima. Yaani vipande ukivijumlisha vinazidi kitu kizima! Hesabu gani hiyo?

Sasa niulize tena. Mngefanya nini? Huyu sio hata kimeng'enya mnayemtafuta. Kazi yenu ya insulini inawasubiri. Mngesema tumekosea kupima, tufanye upya, na hakuna mtu duniani angewalaumu. Wao sampuli wakaziweka kwenye friji. Siku tano baadaye wakazitoa wakapima tena, sampuli zile zile, na namba ikapanda mpaka pale pale ilipotakiwa kuwa toka mwanzo.

Hebu tulieni hapo kidogo. Hakuna aliyeongeza kitu. Friji haitengenezi kimeng'enya. Kwa hiyo kimeng'enya kilikuwepo siku zote, kilikuwepo siku ya kwanza, ila kilikua kimejificha kisiguswe na kile wanachokipimia. Na kama kimejificha maana yake kuna kitu kimekizunguka, na hicho kitu baada ya siku tano kwenye friji kimechakaa kikavuja. Blenda inakipasua palepale. Mchi wa taratibu unakiacha kizima. Kila kitu kikakaa mahali pake kwa wazo moja, kwamba ndani ya seli ya ini kuna vifuko vyenye utando, na kimeng'enya kinaishi humo ndani.

Wakaanza kuwajaribu hao vifuko kila namna. Gandisha yeyusha, gandisha yeyusha, kimeng'enya kinatoka. Tia kwenye maji matupu yasiyo na sukari, maji yanaingia, vifuko vinavimba vinapasuka, kimeng'enya kinatoka. Tia dawa ya sabuni, kinatoka. Na de Duve ameandika wazi baadaye kwamba insulini hapo ndo akaiacha. Mtu ambaye ameandika kitabu kizima juu ya insulini, jina lake linajulikana kwa insulini, akaiweka chini akakifuata kifuko ambacho hajawahi kukiona. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama, kwa sababu sisi huku mtu akishakua mtaalamu wa kitu fulani anakishika mpaka anastaafu nacho, hata kama kimeshaacha kumpa majibu.

Jambo la pili sasa, unaweza kukijua kitu kabla hujakiona.

Walimu wa baiolojia mnisamehe lakini hili nalisema kila nikipata nafasi. Tunawafundisha watoto seli kama picha, chora hiki, andika jina pale, paka rangi. Mtoto anaondoka anaamini sehemu za seli ziligunduliwa na mtu aliyeinama kwenye hadubini. Lisosomu, ndo jina kilichokuja kupewa kile kifuko, haikugunduliwa na hadubini. Iligunduliwa na hesabu! Miaka mitano sita hivi kile kikundi cha Louvain kilifanya kazi na rojo, mirija, sentrifuji na madaftari, akina Berthet, Françoise Appelmans, Robert Wattiaux na wengine, na wakaongeza vimeng'enya vingine vinavyofanya mambo yale yale, vinajificha pamoja, vinashuka pamoja kwenye sentrifuji, vinatoka pamoja ukipasua. Kufikia 1955 wakawa na vitano. Kimoja kinakata RNA, kimoja kinakata DNA, kimoja kinakata protini, na hao wengine, na vyote vinapenda mazingira ya asidi. Sasa ukikuta mahali pamoja vitu vinavyokata kila aina ya kitu ambacho mwili umejengwa nacho, utasema hapo ni wapi? Ni mahali pa kuyeyushia chakula. Seli ina tumbo lake. Wakakipa jina lisosomu, mwaka huo huo 1955, na mpaka hapo hakuna hata mmoja wao aliyekua ameiona kwa macho.

Aliyekuja kuonyesha ni mgeni, Alex Novikoff kutoka Marekani, mtu mwenye historia yake, chuo cha Vermont kilikua kimemfukuza mwaka 1953 kwa sababu alikataa kujibu maswali ya wale waliokua wanawawinda wakomunisti. Alikua bingwa wa hadubini, akaja Louvain, wakachukua lile fungu la sentrifuji lenye vimeng'enya vyao wakalipiga picha kwa hadubini ya elektroni, na vifuko vikaonekana. Hesabu ilikua imeshasema, jicho likaja kukubali.

Na kuna mmoja alikataa tena. Sikilizeni hii, maana ndo inayonifanya nimwamini huyu mtu kwamba haikua bahati ya mara moja. Kwenye lile fungu la lisosomu kulikua na kimeng'enya kingine, yurikesi, kinachoshughulika na asidi ya yuriki. Kinashuka na wenzake, lakini hakijifichi kama wenzake, wala hakipendi asidi. Ingekua rahisi kabisa kusema naye ni wa humo humo, yupo nao fungu moja bwana, tuendelee. Hawakusema hivyo. Wakamweka pembeni kama mtu anayetiliwa shaka, na kidogo kidogo wakakuta ana wenzake wawili, mmoja anatengeneza haidrojeni peroksaidi, mwingine ni katalesi, anayeivunja.

Katalesi mnamjua. Ile dawa ya kusafishia kidonda ukiimwagia inatoa povu jeupe linachemka, hiyo ni haidrojeni peroksaidi inavunjwa na katalesi iliyomo kwenye damu na nyama yako, na wale waliofanya ile praktiko ya kipande cha ini kwenye bomba la kioo mmeliona povu lile linavyopanda mpaka linamwagika juu ya meza. Lile povu ndo hawa ninaowaongelea.

Shida ikawa namna ya kuwatenganisha, maana uzito wao na wa lisosomu unakaribiana sana. Hapo wakatumia ujanja mzuri ambao mafundi wa maabara mtaufurahia. Wattiaux akagundua kwamba ukimdunga panya aina fulani ya sabuni iitwayo Triton WR-1339 kabla hujamchinja, ile sabuni inamezwa na lisosomu inabaki humo humo, lisosomu zinajaa zinakua nyepesi, basi ukizungusha lisosomu zinaelea juu na wale wengine wanabaki chini. Hawakubadilisha mashine, walimbadilisha panya! Wale wa chini wakapata jina lao katikati ya miaka ya sitini, peroksisomu. Watu wa hadubini walikua wameshawaona kwenye figo la panya toka 1954 wakawachora, ila hawakujua kazi yao. Sehemu mbili za seli, maabara moja, na zote mbili zimeanza na kimeng'enya aliyekataa kufanana na wenzake.

Mwaka 1974 akapewa Nobeli, pamoja na Albert Claude yule wa sentrifuji na George Palade, Mromania aliyefanya kazi Rockefeller, yeye ndo wa ribosomu, vile vichembe vya seli vinavyotengeneza protini. Wabelgiji wawili kwa mpigo. Wakati huo de Duve alikua na maabara mbili, toka 1962 alikua profesa Rockefeller pia, kwa hiyo anakwenda New York anarudi Louvain, miaka na miaka. Ni mtu wa kazi.

Jambo la tatu, na hapa sitaki mtu aniulize hizi habari za panya wa Ubelgiji zinatusaidia nini.

Mwaka 1932 daktari mmoja wa Uholanzi, Johannes Pompe, alikutana na mtoto wa kike wa miezi saba aliyefariki, moyo umevimba, na ndani ya misuli yake na karibu kila kiungo kumejaa glikojeni, yaani sukari ya akiba ya mwili. Dr Pompe mwenyewe alikuja kuuawa na Wanazi mwaka 1945 kwa kushiriki harakati za kuwapinga. Miaka thelathini watu walipima vimeng'enya vyote vinavyojulikana vya kuvunja glikojeni kwa watoto wa aina hii, wakavikuta vizima. Vyote vizima, na mtoto anakufa! Ni Henri-Géry Hers, aliyekua hapo hapo Louvain kwenye nyumba moja na akina de Duve, ambaye mwaka 1963 aliuliza, je tukipima kwenye asidi? Na akakuta kuna kimeng'enya cha ndani ya lisosomu kinachovunja glikojeni kwenye asidi, na hawa watoto hawana. Kwa hiyo glikojeni kidogo inayoingia kwenye lisosomu haitoki tena, inajaa, inajaa, mpaka misuli inashindwa na moyo unashindwa.

Baada ya mlango huo kufunguka yakafuata magonjwa mengine, leo yanajulikana zaidi ya 50 yanayotokana na lisosomu kukosa kitu kimoja tu. Na kwa sababu lisosomu humeza vitu kutoka nje ya seli, de Duve alisema mapema kabisa kwamba pengine unaweza kumpa mgonjwa kimeng'enya kwa sindano kikaenda chenyewe mpaka mahali panapokosa. Ilichukua muda mrefu lakini ugonjwa wa Gaucher, mmoja wa hayo, ulipata dawa ya hivyo mwaka 1991, na ule wa watoto wa Dr Pompe, unaoitwa Pompe kwa jina lake, mwaka 2006. Dawa hizo ni ghali kupita kiasi, nalisema hili kwa uchungu, mtoto wa huku kwetu mwenye Pompe ataitwa ana moyo mkubwa tu na hakuna atakayejua.

Kuna na hili. Mwaka 1963 kwenye mkutano London wakijadili lisosomu, de Duve alitoa jina la otofajia, yaani seli kula sehemu zake yenyewe, zile zilizochakaa au pale njaa inapobana. Na mnajua nini kinaiamsha kwenye ini? Glukagoni! Ile ile ya ujanani mwake. Yeye na Russell Deter walionyesha mwaka 1967 kwamba panya ukimpa glukagoni lisosomu za ini zinaanza kula. Vitu viwili ambavyo hakuvipanga vikakutana maabarani kwake baada ya miaka ishirini. Mjapani Yoshinori Ohsumi akaja akaichambua otofajia kwa kutumia hamira, mwaka 2016 akachukua Nobeli yake.

Sasa njooni nyumbani kabisa. Wenye umri wangu mnaikumbuka klorokwini. Uchungu wake, na ile kuwashwa mwili mzima usiku kucha mpaka unaomba mtu akukune mgongo kwa kitana. Klorokwini ilikua inafanyaje kazi? Kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe ya damu kinakula himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, na kinaiyeyushia kwenye kifuko chenye asidi, ndugu wa lisosomu. Klorokwini ni besi dhaifu, yaani kinyume cha asidi, inaingia kwenye kifuko cha asidi na ikishaingia inanaswa, haitoki, inajikusanya humo, inazuia kimelea kisiweze kuitunza ile sumu inayobaki kwenye himoglobini, kinakufa kwa chakula chake. Dawa za tabia hiyo, zinazokimbilia kwenye lisosomu, de Duve na wenzake waliziandikia makala maalum mwaka 1974. Na usugu ulipokuja, mpaka Tanzania ikaiacha klorokwini mwaka 2001, kilichobadilika kwa kimelea ni mlango kwenye utando wa kifuko hicho hicho, unaitoa dawa nje. Ukitaka kuelewa kwa nini bibi yako alipona kwa klorokwini na mdogo wako hakupona, jibu liko kwenye kifuko.

Na malale. Hapa kuna watu wa Kigoma, kuna watu wa Tabora, mbung'o mnawajua, ndorobo mnawajua. Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita malale ilifyeka watu wengi mno, Busoga vijiji vizima vikaisha. Kimelea chake, tripanosoma, kikiwa kwenye damu kinaishi kwa sukari ya damu yako na si kingine. Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst huko Amsterdam wakaitenganisha seli ya tripanosoma kwa njia hii hii ya sentrifuji, na wakakuta jambo ambalo halikuwahi kuonekana, vimeng'enya tisa vya kushughulikia sukari, ambavyo kwangu na kwako vinaogelea tu ndani ya seli, kwenye tripanosoma vimefungiwa ndani ya kifuko, ndugu wa peroksisomu. Wakakiita glikosomu. De Duve alikua ameanzisha taasisi Brussels mwaka 1974, leo inaitwa kwa jina lake, na Opperdoes akaenda kufanyia kazi huko, kwenye magonjwa ya nchi za joto. Mbelgiji anayehangaika na asidi ya yuriki kwenye ini la panya, na leo tuna mahali pa kumpiga kimelea wa Kigoma pasipomgusa mgonjwa.

Nasema mahali pa kumpiga, sijasema dawa. Naomba tusichanganye. Dawa ya kumeza iliyopo sasa ya malale, feksinidazo, haikutoka kwenye glikosomu. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani na wenzao walionyesha kwamba ukizuia protini moja inayopokea vimeng'enya kuingia glikosomu, vimeng'enya vinabaki nje, tripanosoma anakufa, kwenye sahani za maabara na dalili nzuri kwa panya. Hapo ndo ilipofika. Kutoka hapo mpaka kidonge kuna kazi ya kemia, kuna kazi ya vimelea, kuna kazi ya kupima na kupima tena.

Jambo dogo nililotaka kulisahau, dada zangu hapa mnisikilize. Ile tuzo ya wanawake wa sayansi ya L'Oréal na UNESCO ilipoanza mwaka 1998 rais wake wa kwanza alikua huyu huyu de Duve, na kati ya washindi wa mwaka huo wa kwanza alikuwemo Grace Oladunni Taylor wa Nigeria, mwanabaiokemia. De Duve alifariki Mei 2013, ana miaka 95.

Basi, mafundi wa maabara, nilisema nimewafuata nyie. Zile sampuli za friji haziwekwi na profesa, zinawekwa na nyie. Namba ya kwanza mnaiona nyie, kabla ya mtu yeyote. Ninachowaomba ni kitu kidogo, daftari la namba zilizokataa, moja kwa kila maabara, tarehe, sampuli, nani kapima, namba gani, na sampuli isimwagwe mpaka wiki iishe. Sisi walimu tutakuja tuisome pamoja nanyi kila mwisho wa mwezi, mwalimu mkuu wa idara ameshakubali na madaftari nimekuja nayo, yako pale mezani kwenye boksi. Na nyie wanafunzi wa kemia mliokaa upande huu, upande ule wamekaa wanaosoma vimelea, sijui kwa nini kila mwaka mnakaa hivi mbali mbali, chai ikija changanyikeni muulizane habari za glikosomu.

Nani ana swali?